Nusu Sauti Chini ya Rimu

Kengele ya shule yetu pale Nachingwea ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inia kwa mnyororo kwenye tawi la mkorosho mbele ya ofisi ya walimu, imeliwa na kutu upande mmoja, na katika shule nzima aliyeruhusiwa kuigonga kwa kipande cha nondo ni mtu mmoja tu: mimi, Mwanaidi, wa darasa la tano, kiranja wa saa. Nikiigonga asubuhi, mlio wake ulivuka uwanja wa mpira, ukapita nyumba za walimu, ukafika mpaka mashambani kwa watu waliokuwa wameinama kuokota korosho. Halafu niliweka kiganja juu yake ili nisikie inavyotetemeka kabla haijanyamaza. Msimu ule mabibo, matunda yanayobeba korosho, yalikuwa yameanguka mengi kuliko watu wa kuyaokota, yakachachia chini ya miti, na hewa yote ikanuka utamu uliokwisha kugeuka. Hadi leo nikisikia harufu ya mabibo yaliyochacha, masikio yangu huisubiri rimu. Nayasema haya mapema ili nisionekane najisifu baadaye. Kwa kweli nitajisifu, lakini nina sababu.

Aliyeithamini rimu ile kuliko walimu wenyewe ni mjomba wangu, Chande. Alikuwa mdogo wake mama, na kwetu Wamwera mjomba ni mtu mzito. Akisema neno nyumbani, hata baba alikuwa akikohoa kidogo kisha anakubali. Mjomba alipiga gitaa la umeme. Gitaa lenyewe lilikuwa jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapokaa, alilinunua kwa Mmakua mmoja aliyekuwa akirudi kwao Msumbiji. Spika yake ilikuwa ndani ya sanduku la mninga alilochongewa na fundi wa mjini, na umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari. Kila Jumamosi alikuja shuleni na gitaa mgongoni, akaketi kwenye mzizi wa mkorosho, akaniambia, "Haya, kiranja." Niligonga mara moja tu. Yeye aliinamisha sikio, akakaza uzi wa tano taratibu mpaka sauti ya uzi na sauti ya chuma zikashikana zikawa moja, kisha nyuzi nyingine zote akazipanga kwa ule mmoja. Alikuwa na msemo wake mwenyewe, ambao tulikwisha kuuchoka: "Rimu haiugui."

Mama ndiye aliyeugua. Jina lake Asumini, na yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao ya watu wanne, yeye na mjomba, na Saidi aliyepiga gitaa la besi, na jirani yetu mmoja wa ngoma. Watu waliwaita kwenye harusi na kwenye sherehe za kuwatoa watoto jandoni, kutoka Mtua hadi ng'ambo ya Ruangwa. Wimbo uliowapa jina mama aliutunga mwenyewe, unamhusu mama yake, Bibi Fatu wa Nanganga, aliyewalea watoto sita kwa jembe la mkono. Katikati ya wimbo sauti inapanda ngazi baada ya ngazi, na juu kabisa inaliita jina la bibi: "Fatu ee, Fatu." Wanawake walikuwa wakifika hapo wanapiga vigelegele kabla jina halijamalizika. Lakini mwaka ule kikohozi kilimkamata mama tangu mvua za masika, akakaa nacho miezi miwili, na kilipoondoka kikaondoka na sehemu ya juu ya sauti yake. Kwenye mazoezi alipanda vizuri, akafika pale pale kwenye jina, sauti ikakatika. Mara ya kwanza Saidi alijifanya anatafuta kitu chini. Mara ya tatu hakuna aliyejifanya chochote.

Jambo hili lingeweza kuwa la mazoezi tu, yakaisha. Lakini zilibaki wiki tatu tufike Nanganga kwenye harusi ya binti wa mama mdogo, na Nanganga ndiko mama alikozaliwa. Bibi Fatu angekuwepo. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, maneno ya wimbo hakuyajua nusu, ila jina lake alilijua, na alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe anakuja kumwita mbele ya watu. Jioni moja mjomba alikuja uani, hakuketi. Akasema, "Dada, Nanganga ataimba Salma. Wewe utaitikia." Salma alikuwa msichana wa Mtua, sauti yake nyembamba na inapanda bila shida. Mama alikuwa anatenganisha korosho na mabibo, mikono imelowa maji yake hadi kwenye viwiko. Alisema, "Haya," akaendelea kutenganisha. Mimi nilitamani apige kelele. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kula, na mimi si mtoto aliyekuwa akishindwa kula.

Siku mbili baadaye tuliamka kabla ya jua kwenda kuokota korosho. Mama alikuwa mikorosho mitatu mbele yangu, na alidhani yuko peke yake. Akaanza wimbo ule kwa sauti ya chini, akiokota. Nikaacha kuokota. Akapanda, akapanda, akafika kwenye jina, akalitamka zima, jepesi, bila kukwaruza popote. Nikajiuliza mbona kwenye mazoezi inakatika. Niliishika sauti ile kichwani kama mtu anayebeba maji bila kata, sikumjibu yeyote njiani, nikafika shuleni nikaigonga rimu. Hapo nikaelewa. Kwenye gitaa jina lile liliangukia sauti ya rimu. Sauti ya mama ilikuwa chini ya rimu. Haikuwa chini sana. Ilikuwa kama mtu aliyeteremka ngazi moja ya baraza. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilifundishwa kwamba ngazi hiyo inaitwa nusu sauti. Wakati ule sikuwa na jina lake, lakini nilikuwa nayo sikioni, na nilijua kabisa kwamba mama hajapoteza kitu ila gitaa ndilo limemzidi urefu.

Nilimfuata mjomba kwake siku hiyo hiyo, nikapiga goti. "Shikamoo mjomba." Akaitikia. Nikamwambia, "Mjomba, mama anaufikia wimbo wote, ila chini kidogo ya rimu. Ukilegeza nyuzi kidogo, atafika." Akaniuliza, "Nani amekwambia gitaa linashushwa ili limfuate mwimbaji? Mwimbaji ndiye anafuata gitaa. Na gitaa linafuata nini?" Nikajibu kwa unyonge, "Rimu, mjomba." Akasema, "Basi." Leo najua angeweza pia kuuhamisha wimbo, akaupiga kwa kushika mahali pengine kwenye shingo ya gitaa. Lakini mjomba hakufundishwa na mtu. Upigaji wake wote ulisimama juu ya nyuzi zinazoachwa wazi zilie zenyewe huku vidole vikicheza pembeni, na vidole vyake vilijua njia moja tu. Ukimwondolea nyuzi wazi, umemwondolea gitaa. Kama wimbo ulikuwa wa kushuka, lilipaswa kushuka gitaa zima.

Basi nikalishusha mimi. Ilikuwa Ijumaa, mjomba yuko msikitini, gitaa limeegemea ukuta nyumbani kwetu kwa ajili ya mazoezi ya alasiri. Nililegeza kila kikazio kidogo kidogo, nikiifuata sauti ya mama niliyokuwa nayo kichwani. Nyuzi tatu nene zilikubali. Zile tatu nyembamba zililegea vibaya. Nilipozigusa ziligonga vile vyuma vidogo vya shingoni, zikatoa mlio wa nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Mjomba alirudi, akalishika gitaa, akapiga mara moja, akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Nani?" Nikanyoosha mkono. "Umesikia linavyolia? Umesikia?" Na ili anionyeshe ubaya wa nilichofanya, akaanza kuupiga wimbo ule ule kwa hasira, nyuzi zinagonga na kukwaruza. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Nadhani hakufikiri, mikono ikiwa kazini mdomo wake ulikuwa ukijiendea wenyewe. Akaanza kuimba kutoka jikoni, akapanda, na alipofika juu akaliita jina la mama yake likasikika mpaka barabarani. Mjomba akaacha kupiga. Mbuzi ya nazi nayo ikanyamaza. Mjomba akasema, "Nyuzi hizi haziwezi." Hakusema haiwezekani. Nilikuwa mtoto, lakini tofauti hiyo niliisikia vizuri.

Kuanzia hapo kazi ikawa kutafuta nyuzi nene. Alinieleza mwenyewe, sasa akiongea nami kama mtu mzima: uzi ukilegezwa unapwaya, kwa hiyo ukitaka kushuka na bado uzi ukaze, tafuta uliojaa zaidi. Tuliagiza Dar es Salaam kwa binamu yake, tukampa ujumbe dereva wa basi: nyuzi za gitaa, nene. Zilikuja baada ya siku sita, na zilikuwa nzuri kweli, nyeupe zinang'aa, laini kama mshipi wa kuvulia samaki. Mjomba alizifunga tatu mahali pa zile nyembamba kwa furaha, akazikaza, akawasha spika. Akapiga nyuzi nene za chini, zikanguruma. Akapiga zile mpya, kimya. Akapiga kwa nguvu, kimya. "Spika imekufa," akasema, akalifungua sanduku lote kwa bisibisi, akasafisha nyaya, akabadilisha betri na ya Saidi. Jua lilizama sanduku likiwa bado wazi. Uzi ukiusogelea kwa sikio unalia vizuri kabisa, kwenye spika hausikiki hata kidogo.

Sisi watoto tulikuwa na mchezo wa sumaku. Tulizitoa kwenye redio zilizokufa, tukazifunga kamba na kuziburuta mchangani ili tuone nani atapata unga mwingi wa chuma. Niliziona zile sumaku ndogo zilizopachikwa kwenye kifua cha gitaa, chini ya nyuzi, na mkono ukaniwasha. Nikaleta yangu, nikaisogeza kwenye uzi mnene wa zamani: ikashika. Nikaisogeza kwenye uzi mweupe wa Dar: haikujali. "Mjomba, hii si chuma," nikasema. Aliichukua sumaku akajaribu mwenyewe mara nne, kana kwamba labda kwangu ilikuwa imekosea. Binamu alikuwa ametununulia nyuzi za plastiki za gitaa lisilo la umeme, na sumaku za gitaa letu, ambazo ndizo hupeleka mlio wa nyuzi kwenye spika, zilikuwa hazioni plastiki. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu kikohozi.

Wiki moja ilikuwa imebaki. Mjomba akaniambia, "Chukua sumaku yako twende." Tukaenda kwa fundi baiskeli wa sokoni, tukaomba waya wa breki uliochakaa. Waya wa breki ukiufumua unatoa nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja, na za ndani bado zina grisi, hazijaona kutu. Tuliufumua pale pale kwenye benchi lake, na mjomba akanipa nyuzi mbili, ule wake wa zamani na huu wa baiskeli, akaniambia nifumbe macho nizisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Huu wa baiskeli ulikuwa mnene kidogo. Huo ukawa uzi wa kwanza. Wa pili tuliupata kwenye kebo ya klachi ya pikipiki. Wa tatu ulitusumbua. Wa klachi haukutosha, na kila tulichojaribu ama kilikuwa kigumu kama msumari ama sumaku ilikikataa. Tuliupata nyuma ya ghala, kwenye trekta bovu ambalo kuku walikuwa wakitagia chini ya kiti chake. Nilifumba macho nikausugua, nikamwambia, "Huu." Mjomba hakuujaribu tena baada yangu. Aliuviringa kwenye mkono wake tukaondoka, na njia nzima nilitembea kifua mbele.

Nyuzi hizo hazikuwa na vichwa vya kuzishikia kwenye gitaa, kwa hiyo tulivitoa vile vishanga vya shaba kwenye nyuzi za zamani, tukazisokotea hapo kwa koleo. Ili kuipata ngazi moja chini ya rimu bila kubahatisha, mjomba aligundua mbinu yake: alibana uzi wa tano kwenye chuma cha kwanza cha shingo, akaufanya ulingane na rimu hivyo hivyo umebanwa, akiuachia, uko chini kwa ngazi moja kamili. Kwa hiyo aliweza kusema bado anafuata rimu, na sisi tulimwacha aseme. Gitaa lilibadilika. Zamani lilikuwa linachekacheka. Sasa lilizungumza kwa kifua, na nyuzi zilikaza bila kugonga popote. Nyuzi zile nene zilimchubua vidole, mjomba aliyejivunia vidole laini, akawa anavilowesha kwenye maji ya chumvi kila jioni na kulalamika kama bibi harusi. Saidi alishusha besi yake bila maneno. Lakini kuhusu nani ataimba, mjomba alikataa kutamka. Salma alikwisha kushona gauni. "Tutaona Nanganga," ndilo jibu tulilopata, na mama hakuuliza mara ya pili.

Tulisafiri juu ya lori la magunia ya korosho, jua linachoma, gitaa limefunikwa kwa kanga mbili. Tulipofika Nanganga nyuzi zote zilikuwa zimelegea kwa joto. Ilikuwa alasiri, watu wamejaa uwanja wa shule, bibi harusi amekwisha kukaa, na Bibi Fatu yuko mbele kwenye mkeka, amevaa kanga mpya, amenyoosha miguu. Mjomba aliangaza macho, akaiona kengele ya shule ile. Na yenyewe ilikuwa rimu. Uso wake ukatulia. Akanituma nikaigonge. Nilipoigonga tu nilijua: ilikuwa rimu ya gari dogo, mlio wake mwembamba, uko juu kuliko wetu mbali kabisa. Nikarudi mbio. "Mjomba, hii si rimu yetu." Akasema, "Rimu ni rimu," huku anakaza. "Ndogo, mjomba, iko juu!" Akanionya kwa jicho mbele ya watu. Maisha yake yote mjomba alikuwa amefuata rimu moja, na haikumwingia akilini kwamba kuna nyingine. Akakaza mpaka nyuzi za trekta na pikipiki zikawa zinalalamika na shingo ya gitaa ikatoa mlio wa kitanda kibovu. Akapiga vile vipande vya mwanzo. Saidi alimtazama. Salma alifungua mdomo ajaribu, akaufunga, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mjomba Chande, hapo hata mimi nakufa." Watu wa mbele wakacheka. Mama alikuwa amesimama pembeni kwenye nafasi ya kuitikia, mikono ameikunja, anamtazama mama yake.

Mjomba aliacha kupiga. Alilitazama gitaa, akaitazama rimu ile ndogo ikiwa bado inayumba, akanitazama mimi, na nikaona aibu inampanda, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa wa ndugu zake. Kisha alifanya kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia sauti inanibadilika. Alivuka uwanja na gitaa lake kifuani, akaenda mpaka aliposimama mama, akainamisha kichwa karibu na mdomo wake. "Dada," akasema, "nipe sauti." Mama hakuelewa mara moja. Akarudia, "Ya kuanzia. Unayoiweza." Mama akafumba macho, akaitoa kwa ndani, mdomo umefungwa. Mjomba akalegeza uzi wa tano, taratibu, sikio lake karibu na shavu la dada yake, mpaka uzi na mama wakawa kitu kimoja. Alizipanga nyuzi zote pale pale, watu wanangoja, na wala hakuharakisha. Salma alielewa kabla ya watu wazima wengi. Alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono kwenye nafasi ya kuitikia.

Mama aliimba. Sitasema aliimba kama zamani, maana haikuwa kama zamani. Sauti ilikuwa nzito zaidi, na gitaa lilikuwa chini yake lote, limeibeba. Alipanda ngazi zote, na alipofika juu akaliita jina mara mbili, zima, mbele ya Nanganga yote. Bibi Fatu aliinuka mwenyewe kutoka kwenye mkeka, bila kusaidiwa na mtu, akaivua kanga yake mpya ya juu akamfunika mama mabegani wakati bado anaimba. Vigelegele vilivyopigwa pale vilimfanya mpiga ngoma apotee. Nililia, na sikujificha. Wakati wa kula mjomba alinikuta nyuma ya madarasa, akaweka mbele yangu sahani ya wali na nyama ya kutosha watu wawili, akasema, "Ulisema." Nikangoja aongeze. Akaongeza, "Nami sikusikia." Kwa mjomba wa Kimwera kumwambia hivyo mtoto wa darasa la tano, hiyo ilikuwa hotuba ndefu, na mpaka leo sijapokea cheti kinachoifikia.

Sasa mimi ni mwalimu Ruangwa mjini, na gitaa jekundu ni langu. Mjomba alinikabidhi gitaa hilo pale vidole vyake vilipoanza kukakamaa. Nyuzi sinunui tena kwa fundi baiskeli. Nazipata kwenye pakiti, zimeandikwa unene wake kwa namba, za chuma, na hakuna anayeniletea za plastiki. Hata hivyo, kabla ya kuzifunga bado nafumba macho nikazisugua kati ya vidole viwili, na namba mara zote hunikubalia. Shule nyingi siku hizi zina kengele za umeme zinazolia zote namna moja. Mama anaishi nami. Sauti yake imeendelea kushuka kadiri miaka inavyokwenda, na gitaa limeshuka nayo, nusu baada ya nusu, na kila tukishuka naongeza unene wa nyuzi kidogo. Wanafunzi wangu wanasema gitaa langu lina sauti ambayo hawajaisikia kwingine. Nawaambia ni kweli.

Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniwekea kwenye simu kitu cha kupimia nyuzi, sindano inayotembea kushoto na kulia. Nilikaa nacho barazani, mama ananimenyea machungwa. Nikapiga uzi wa tano. Sindano ikalala kushoto kabisa, nyekundu.

"Inasemaje hiyo?" mama akauliza.

"Inasema tuko chini, mama."

"Chini ya nani?"

Nikaizima simu, nikaliinamia gitaa kumwelekea. "Nipe sauti," nikamwambia, na akanipa.